Jani Lenye Fundo

Watoto wa dada yangu walikuja nyumbani Krismasi iliyopita. Wote watano. Waliteremka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam usiku, miguu imevimba, macho mekundu. Asubuhi ya Krismasi, mtori haujapoa bakulini, vita vikawa vimeanza uani. Mapanga yao yalikuwa majani. Majani marefu, mabichi, yenye ncha. Walikuwa wameyachuma kwenye ua wa kihamba, shamba letu la migomba.

Bibi yao akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amechuma masale?"

Vita vikaisha papo hapo.

"Ni majani tu, Bibi," akasema yule wa mwisho. Ana miaka saba na maswali elfu.

Bibi hakugomba. Alinitazama mimi. Mama yangu akinitazama vile, maana yake ni moja: hawa ni wajomba zako, waambie wewe.

Haya, sogeeni. Na wewe unayesoma, sogea. Kaa hapa kwenye gogo. Si upande ule, una siafu.

Swali letu ni hili: kama ni majani tu, kwa nini Bibi ametoka na mwiko?

Swali zuri hilo. Mtoto anayeuliza "ni majani tu?" ameshafika nusu ya njia. Wapo watu wazima wanaopita hapa kila siku na hawajawahi kuuliza. Basi tumuulize mwenyewe. Isale, wewe ni nani?

"Mimi ni jani tu," anasema isale. "Sizai ndizi. Sizai kahawa. Hakuna anayenipika. Kata tawi langu, lichomeke ardhini, nitashika. Ndiyo maana Wachaga wananipanda mpakani. Huku kihamba cha huyu, kule kihamba cha yule, katikati mimi. Mvua ikinyesha nipo. Jua likiwaka nipo. Wenye mashamba wakifa, watoto wao wananikuta nimesimama palepale. Wakibishana mpaka uko wapi, wananitazama mimi."

Kumbe ni ukuta wa majani.

"Ngoja, sijamaliza. Nina kazi ya pili. Mtu akimkosea mwenzake, anakuja kwangu. Anakata jani moja. Analifunga fundo. Analipeleka kwa yule aliyemkosea, kwa mikono miwili. Hata kama ulimi wake umekauka, mimi nimeshasema: nimekosa, nisamehe. Na anayeletewa isale hamfukuzi aliyelileta. Mimi ni jani tu. Lakini kwa Wachaga, kunikataa ni jambo zito."

Yule wa mwisho akakunja uso. Nilijua linakuja.

"Mjomba, yaani jani lile lile linalotenganisha watu ndilo linalowapatanisha?"

Eeeh! Sikiliza mtoto huyo. Mimi nilizaliwa katikati ya masale, nikakua katikati ya masale, na hilo sikuliona mpaka nilipokuwa na mvi. Yeye ameliona kabla ya mtori kupoa. Mpeni kipande chake cha nyama.

Ndiyo. Jani ni lile lile. Na ili mwelewe lilivyonishika mimi, siku moja nikiwa na miaka kumi na mmoja, lazima kwanza niwaonyeshe mfongo.

Mnauona ule mtaro mwembamba unaopita juu ya nyumba, unanong'ona kwenye majani? Ule ndio mfongo. Wazee wetu waliichimba mifongo kabla Mzungu hajafika huku. Walipanda mpaka juu, mtoni, wakatengeneza banio kwa magogo na mawe na udongo. Wakayageuza maji kidogo kutoka mtoni, wakayachimbia njia ubavuni mwa mlima. Hawakuwa na pampu. Njia yenyewe ni mteremko mdogo sana, maji yasikimbie yakabomoa, yasisimame yakaoza. Yanatembea kama mama aliyebeba mtungi.

"Maji yanatoka kwenye theluji?" Huyo ni yule wa tatu, anayependa kupiga picha.

Swali zuri hilo, na jibu lake litakushangaza. Ile theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndiyo kila mtu anaitazama. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka upande wa Mombasa kwa miguu, akaiona tarehe 11 Mei. Akaandika habari zake. Huko Ulaya wasomi wengine wakamcheka. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Lakini ilikuwepo, ingawa sasa inapungua. Mimi mwenyewe naiona imepungua, na mimi si mzee sana, msicheke.

Ila maji yetu mengi hayatoki kule kunakong'aa. Yanatoka chini yake, msituni. Ule mkanda mweusi mnaouona, ambao haupigwi picha, ndio unaokamata ukungu na mvua. Miti imevaa kuvumwani kama ndevu. Udongo ni mwororo. Msitu wote ni kama dodoki kubwa lililolowa: unanyonya kimya, unaachia kimya, mchana na usiku. Hata wakati huku chini hatujaona mvua kwa mwezi mzima, dodoki linadondosha.

Mimi nikiomba, nafikiria msitu kuliko theluji. Mungu tunayemwimba kwa kupaza sauti ni kama kile kilele, kinameremeta na tunakionyeshana kwa vidole. Lakini kikombe chako cha maji asubuhi kimetoka mahali ambapo hukutazama.

Basi. Maji yameshuka, yameingia mfongoni. Kihamba chetu kiko hapa. Chini yetu kuna jirani. Chini yake jirani mwingine. Na mfongo ni mmoja.

Mnajua foleni ya bombani, Dar, maji yakikatika siku mbili? Ndoo zimepangwa, nyekundu, njano, bluu. Kila mtu anajua ndoo yake iko nyuma ya nani. Mfongo nao una foleni, ila yenyewe ni ya saa. Leo asubuhi maji ni yenu. Mchana ni ya jirani. Usiku yanajaza nduwa, lile bwawa dogo la udongo, ili kesho yafunguliwe. Kuna mzee anayesimamia zamu. Mtaro ukiziba, watu wote wanaitwa kuuzibua, na asiyekuja anatozwa faini. Zamu yako ikiisha, unachukua udongo na magome ya mgomba, unaziba mlango wa kwako. Maji yanaendelea kwa mwenzako.

Kuziba kwa kwako ndiko kunakomfungulia mwenzako. Yule wa pili alisema haelewi. Nikamwambia ajaribu na kikombe na ule mfereji wa mvua pale uani. Akajaribu. Akaelewa. Akalowa.

"Na mtu asipoziba?"

Ah. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Na ugomvi wa maji ni wa zamani kuliko mifongo yote ya mlima huu. Kitabu cha Mwanzo kina kisa chake. Isaka, mwana wa Ibrahimu, alikaa nchi ya Gerari. Watumishi wake wakachimba bondeni, wakapata maji mazuri. Wachungaji wa pale wakaja juu: maji yetu hayo! Isaka akakiita kisima kile Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba cha pili. Kikagombaniwa tena. Akakiita Sitna, yaani uadui. Akahama. Wakachimba cha tatu, na safari hii hakuna aliyekuja kugomba. Akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

"Isaka alikuwa mwoga?"

Swali zuri hilo! Na mimi nilikuwa nikifikiri hivyo. Visima viwili unaachia tu? Lakini tazameni mwisho wake. Mfalme Abimeleki, yule yule aliyemwambia Isaka aondoke kwake, alimfuata mwenyewe baadaye kutafuta mapatano. Mfalme hamfuati mwoga. Isaka akawaandalia karamu, wakala, wakanywa, asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Na siku ile ile watumishi wake wakaja mbio: Bwana, tumepata maji!

Sasa msidhani mjomba wenu alikuwa Isaka. Mjomba wenu alikuwa mmoja wa wale wachungaji wa Gerari.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili, jua kali. Baba alikwenda sokoni. Mama alikuwa na kazi zake. Wakaniambia: zamu yetu inaisha saa tisa, nenda ukazibe. Saa tisa maji ni ya Bibi wa chini.

Bibi wa chini alikuwa mjane. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Alikuwa amepanda maharage, mistari sita, ndiyo kwanza yametoa majani mawili mawili.

Saa tisa ilipofika, mimi nilikuwa uwanjani. Mpira wetu ulikuwa wa makaratasi na kamba za migomba, na timu yetu ilikuwa imefungwa matatu. Nilisikia saa imefika. Msiniulize niliisikiaje, mtu anajua tu. Nikajiambia: bao moja tu. Kisha bao moja tena. Niliporudi nyumbani giza lilikuwa limeingia. Migomba yetu ilikuwa imesimama kwenye matope. Nikaziba haraka haraka, kama mtu anayefunika sufuria baada ya maziwa kufurika. Nikanawa miguu. Nikala. Nikasali, tena sala ndefu. Nikalala.

"Ulimwambia Mungu?"

Nilimwambia anibariki. Hilo la maji sikuligusa.

Jumapili asubuhi tukaenda kanisani. Mama yenu alikuwa mdogo, amevaa soksi nyeupe, ameshikwa mkono na Bibi yenu, wako mbele. Nyuma Baba na mimi. Baba alikuwa amebeba mkungu wa ndizi za mshare begani, wa sadaka. Mnajua kwetu baada ya ibada kuna mnada nje ya kanisa: walioleta ndizi, walioleta mayai, walioleta jogoo, vyote vinanadiwa na fedha inaingia kanisani. Mkungu ule Baba aliuchagua kwa wiki nzima. Alikuwa akiuzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

Njiani tukakutana na Bibi wa chini. Alikuwa anapanda kutoka korongoni, mtoni, na ndoo ya maji kichwani. Mtu wa umri ule. Jumapili. Na mfongo unapita mlangoni kwake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akasema. Akapita. Hakusimama.

Kwetu mtu hapiti hivyo. Kwetu mnasimama, mnaulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mpaka za yule ndama aliyekuwa anaharisha. Asiposimama, kuna neno. Baba aligeuka akamtazama. Maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo kwenye bega la Bibi. Kisha Baba akatazama viatu vyangu. Kwenye kisigino, pale ambapo sikuosha vizuri, kulikuwa na tope kavu la migomba.

Hakuniuliza kitu. Alisimama tu. Mkungu ukiwa begani mwa mtu, kusimama ni kazi, nami niliona jasho likimtoka. Nikasema mwenyewe. Yote. Mpaka lile bao moja tena.

Kengele ya pili ikalia kanisani.

Baba akauteremsha mkungu. Akauegemeza kwenye shina la mringaringa, kando ya njia. Akasema, "Huu hauendi mbele mpaka sisi turudi nyuma."

"Lakini mlikuwa mnachelewa kanisani!" Huyo ni yule wa kwanza, binti mkubwa. Yeye anapenda mambo yaende kwa saa.

Swali zuri hilo, ingawa umelisema kama shtaka. Mimi nilimwambia Baba vile vile. Naye akanikumbusha jambo ambalo Yesu alilifundisha mlimani, liko katika Mathayo, sura ya tano. Kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, hapo hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo juu yako, basi iache sadaka, uende kwanza mkapatane, ndipo urudi uitoe.

Sikilizeni vizuri, maana watu wanapita juu juu hapa. Hakusema ukikumbuka ndugu yako amekukosea. Hayo tunayakumbuka bila kukumbushwa. Amesema yeye ana jambo juu yako. Wewe ndiye uliyeyaacha maji.

Na jambo la pili. Wale watu waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Galilaya. Madhabahu ya sadaka ilikuwa wapi? Hekaluni, Yerusalemu. Ni zaidi ya kilomita 100, karibu kama kutoka Moshi mpaka Same, na hakuna basi. Ni siku kadhaa kwa miguu. Hebu fikirini mtu ametembea siku zote hizo na mwanakondoo wake. Amefika. Amepanga foleni. Amebakiza watu wawili mbele yake. Halafu anakumbuka jirani yake, kule kijijini! Aache kila kitu, arudi siku zote zile, apatane, halafu aje tena siku zote zile.

Wasikilizaji lazima walitazamana. Wengine, nadhani, walicheka. Mimi napenda kufikiri Yesu naye alitabasamu.

Sisi tulikuwa na bahati. Kwetu kurudi kulikuwa dakika kumi.

Tulipofika mpakani, Baba akasimama kwenye masale. "Kata," akasema. Nikakata jani moja. "Funga." Isale bichi linateleza, jamani. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka, na Baba, ambaye alikuwa akinifunga kamba za viatu mpaka juzi juzi tu, hakunyoosha mkono kunisaidia. Alitazama milima. Fundo la tatu likakaa, kidogo.

Bibi wa chini alikuwa shambani kwake. Ndoo iko chini. Mkononi ana kopo la bati. Alikuwa anamwagia maharage, shina moja kopo moja, anainama, anainuka, anarudi kwenye ndoo. Mistari mitatu ilikuwa imelowa. Mistari mitatu bado. Majani ya ile mikavu yalikuwa yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Nikasimama mbele yake. Isale kwenye mikono miwili.

"Bibi," nikasema, "maji yako ya jana niliyaacha kwetu. Nilikwenda kucheza mpira."

Baba akakohoa nyuma yangu. Nikajua bado.

"Na nilijua ni zamu yako."

Lile neno la mwisho ndilo lililokuwa zito. Yale mengine yalikuwa mepesi kama pamba. Siku hizi, wajomba zangu, watu wanatumiana ujumbe kwenye simu mwisho wa mwaka: "Kama kuna mahali nilikukosea, samahani." Anautuma kwa watu mia mbili kwa mkupuo. Kama! Isale halina "kama". Mimi sijibu ujumbe huo, na mama yenu ananigombeza kwa hilo. Labda anasema kweli.

Bibi akaweka kopo chini. Akalipokea jani. Akalitazama. Mimi natazama vidole vya miguu yake, vimejaa udongo.

"Fundo lako limelegea," akasema.

Akalikaza yeye mwenyewe. Akavuta ncha moja huku, ncha nyingine huku, mpaka likakakamaa. Akaenda akalichomeka juu ya mlango wa nyumba yake. Akarudi. Akaokota kopo. Akanipa.

"Mistari mitatu imebaki."

Watoto walikuwa kimya. Hata kuku walikuwa kimya. Kisha yule wa mwisho:

"Mjomba, alisema amekusamehe?"

Hakusema. Alinipa kopo.

"Na maharage yakapona?"

Mengine yalipona. Mengine hayakupona. Siwezi kuwadanganya. Isale si dawa ya maharage. Mimi ni jani tu, limeshawaambia lenyewe. Wapo wanaoliogopa kama hirizi, na wapo wanaolikemea kama ushirikina, na wote wawili wanalipa jani kazi ambayo si yake. Kazi yake ni kukupeleka mpaka mlangoni. Ukishafika, kuna mistari ya kumwagilia.

Tena Baba hakuishia hapo. Baba alikuwa anampenda sana Zakayo. Mnamkumbuka? Yule mfupi, mtoza ushuru wa Yeriko, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Alipomkaribisha Yesu nyumbani kwake hakusema "samahani" akaketi kula. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Basi Baba akapiga hesabu pale pale, shambani. Zamu moja nimeiba. Mara nne. Jumamosi nne mfululizo zamu yetu ikaenda kwa Bibi wa chini, na mimi ndiye niliyekuwa naisimamia, kuanzia kufungua mpaka kuziba. Migomba yetu ikasinyaa kidogo. Mama akanuna kidogo. Kule uwanjani timu yetu ikafungwa bila mimi, na sijui kama nilikuwa nafurahi au nalia.

Jumamosi ya nne Bibi alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa nduwa. Akanipa ndizi mbivu. Akaniuliza habari za nyumbani, za shule, mpaka za yule ndama. Alisimama muda mrefu.

Hapo ndipo nilipojua.

Sasa yule binti mkubwa alikuwa amekaa anachezea jani lake, lile lililokuwa upanga. Alikuwa analikunja, analikunjua. Nikaona ana jambo. Huyu haulizi sana, na anapouliza inabidi ujishike kwenye gogo.

"Mjomba. Anayepeleka isale ni yule aliyekosa. Si ndiyo?"

Ndiyo.

"Na watu walimkosea Mungu."

Ndiyo.

"Sasa nani alimpelekea isale?"

Wajomba zangu, nimesoma Biblia miaka mingi. Nimewasikia wahubiri wazuri na wahubiri warefu. Swali kama hilo nilikuwa sijaulizwa. Nilinyamaza mpaka mtori wangu ukaganda.

Nikamwambia hivi. Jana usiku tulikuwa kanisani. Mmeona lile zizi la makuti walilolijenga mbele, na yule mtoto kwenye majani makavu? Hapo kila kitu kimegeuka. Sisi ndio tuliokuwa tumeyaacha maji kwetu. Sisi ndio tuliokuwa na tope kwenye kisigino. Ilikuwa haki sisi ndio tupande kwake, na jani mkononi. Lakini aliyekosewa ndiye aliyeshuka. Ni kama Bibi wa chini angeitua ndoo yake, akate isale kwenye mpaka, alifunge mwenyewe vizuri bila kulegea, aje mpaka nyumbani kwetu, agonge mlango asubuhi ile mimi bado nimelala.

"Ungefungua?" akauliza.

Sijui. Labda ningejificha chini ya kitanda.

Akafikiri. "Mimi ningefungua," akasema. "Halafu ningejificha."

Basi tukabaki tumekaa. Mfongo unanong'ona kule juu. Sasa hivi zamu ni ya upande wa pili, ndiyo maana unasikika mdogo.

"Na ule mkungu wa ndizi?" akauliza yule wa tatu. "Mliukuta?"

Tuliukuta! Tuliukuta pale pale kwenye mringaringa. Ila hatukuukuta peke yake. Mbuzi wa mtu alikuwa amekata kamba. Chana ya chini yote ilikuwa imekwenda, na ile ya pili alikuwa ameianza. Alitutazama, taya zinaenda huku na huku, ganda limening'inia mdomoni. Mkungu uliochaguliwa wiki nzima!

Baba alimtazama mbuzi. Mbuzi alimtazama Baba. Kisha Baba akauinua mkungu ule, akaubeba ulivyo, na meno ya mbuzi juu yake. Tulifika ibada imekwisha, watu wako nje, mnada umepamba moto. Mzee mnadishaji akauinua juu, akauzungusha, akaona upande ulioliwa, akauliza kwa sauti mbele ya usharika wote: huu nao umeanza kunadiwa njiani? Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba naye akacheka. Nilikuwa sijamwona Baba akicheka hadharani.

"Mjomba," akasema yule wa mwisho. Amesimama sasa. Macho yamemtoka. "Na yule mbuzi alipeleka isale?"

Swali zuri hilo. Ila jibu lake sina, kaulizeni jikoni. Na mkienda, bebeni yale mapanga yenu. Bibi bado ana mwiko.